Nilimnyoa Ndevu Binti wa Adui Yangu

Mliniacha juma lililopita nimeketi sakafuni chumbani kwangu, kioo nimekifunika shuka, kidole hakina pete.

Kwa asiyekuwapo nitasema upesi upesi.

Jina langu Sabiha, mzaliwa wa mji wa Multan, miaka ishirini na saba. Tangu nina miaka kumi na minne naota ndevu. Ndiyo, hujakosea kusoma. Ndevu za kidevuni mpaka shingoni, na mwili unaonenepa hata nikishinda na maji matupu, na siku zangu za mwezi zinazokuja zikitaka. Zisipotaka, miezi mitano sizioni.

Siku ya kuvishwa pete, mbele ya wanawake thelathini, mama wa mchumba wangu alinishika kidevu kwa vidole viwili. Anaitwa Bi Farkhanda. Alinigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, akanifuta poda kwa ncha ya mtandio wake, akatazama, kisha akawageukia wenziwe.

"Jamani! Sisi tulikuja kuposa binti. Hawa wametuletea kaka yake!"

Wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni binti yake mwenyewe, Nayab. Alicheka mpaka akashika mbavu. Wakanivua pete, wakabeba na sinia lao la laddu, halua za mviringo, hata moja hawakutuachia.

Miezi minne sikutoka nje. Nikila nalia, nikilia nakula. Zipo siku nililala nikiomba kusikuche, na hilo sikumwambia mtu mpaka mama aliponiburura kwa Daktari Tahmina, mwanamke mkali asiyejua kubembeleza.

"Hujalaaniwa," aliniambia. "Homoni zako zimevurugika, basi. Wanawake wenye hali hii wamejaa mji huu, wanajificha tu. Na huo moyo unaokulemea ni sehemu ya ugonjwa huohuo, usijione mwehu. Dawa utakunywa, utatembea kila siku, na utatafuta kazi. Kukaa chumbani sijakuandikia."

Nikaenda saluni ya Bi Shakila. Hakuniuliza cheti, alinipa uzi na mteja. Uzi wa pamba unausokota, ncha moja unaing'ata kwa meno, vidole vinafunguka na kufunga, na nywele zinang'oka mstari mzima. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nikijifunzia kazi hiyo kwenye kidevu changu mwenyewe. Haukupita muda wateja wakawa wanasema, "Mimi namtaka yule mnene wa uzi."

Wenzangu pale saluni walikuwa wakimwomba Mungu awape waume. Mimi nilimwomba anikutanishe na Bi Farkhanda.

Jumanne akanijibu.

"Sabiha mwanangu, kuna kazi ya kwenda nyumbani kwa watu," alisema Bi Shakila. "Bi harusi. Hawataki aonekane saluni. Wanataka fundi anayejua kufunga mdomo."

"Nyumba gani, mama?"

Akanielekeza. Nyuma ya kiwanda cha pamba, geti la kijani. Nikashika ukuta.

"Una nini wewe?"

"Kizunguzungu tu. Dawa zile."

"Nimtume mwingine?"

"Aka! Naenda mwenyewe."

Nikavaa baibui na nikabu, nikabakisha macho. Njia nzima nilikuwa nikitabasamu peke yangu mle ndani.

Mlango alifungua Bi Farkhanda mwenyewe. Vidole ni vilevile.

"Wewe ndiye wa uzi?"

"Ndiye, bibi."

"Mbona umejifunika hivyo? Humu wanawake watupu."

"Mafua. Nisije nikampigia chafya bi harusi."

"Haya. Lakini nisikilize vizuri, binti. Utakachokiona humu kinaishia humu. Umenielewa?"

"Bibi, aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Umewahi kumsikia mwosha akisimulia?"

Akacheka, akanigonga bega, akatangulia ngazi. Nilimfuata nikiutazama mgongo wake.

"Mavyaa wake na watu wake wanakuja saa kumi kumpaka singo," alininong'oneza. "Sasa saa nane. Nataka uso uteleze."

"Mbona hukuniita juzi?"

"Juzi nyumba ilijaa shangazi na mama wadogo, kila mmoja na macho manne. Leo ndiyo wamekwenda kutafuta bangili."

Kwetu bi harusi huwekwa ndani siku kadhaa kabla ya ndoa, nguo za manjano, uso mtupu, hata wanja hapakwi. Halafu wanawake wa upande wa bwana wanakuja na bakuli lao la singo, unga wa dengu uliochanganywa na manjano na mafuta ya haradali. Wanampaka kwa mikono yao wenyewe mashavu, kidevu, shingo. Hapo poda haimwokoi mtu. Mkono wa mavyaa ukipita kidevuni, umepita.

Chumbani nilimkuta Nayab juu ya kitanda, mtandio wa manjano umemzunguka kidevu mpaka masikioni.

"Watu tumewaambia anaumwa jino," alisema mama yake. "Fungua, mama, fundi akuone."

Akafungua.

Mtume! Ndevu za siku tano, nyeusi, ngumu, zimeshuka mpaka kwenye koo. Za kwangu zina afadhali.

Mnataka kujua nilihisi nini? Nimekuja gazetini kusema kweli, basi nitaisema. Nilihisi furaha. Furaha mbaya, ya kuona adui yako amevunjikiwa na chungu mlangoni pako. Ilibidi nikae chini.

"Zimeanza lini hizi?" niliuliza.

"Tangu nina miaka kumi na sita," Nayab alijibu kwa sauti ndogo.

"Na sasa una mingapi?"

"Ishirini na miwili."

Miaka sita! Kumbe siku ile ya pete yangu, ndevu zilikuwa nyumbani kwao tayari. Nikakumbuka jinsi vidole vile vilivyokwenda moja kwa moja chini ya kidevu, pale poda isiposhika. Mtu hapajui pale ila awe amefundishwa na mtu wa nyumbani kwake. Wanasema nyani haoni kundule. Huyu nyani aliliona lake, akalifunika, ndipo akaja kunyooshea kidole la kwangu.

"Mimi niko jikoni," alisema Bi Farkhanda. "Fungeni mlango kwa ndani."

Nikasokota uzi, nikang'ata ncha, nikaanza.

"Inauma, dada."

"Vumilia."

Akavumilia. Machozi yalimtoka, lakini hakuvuta uso. Baada ya kitambo akauliza:

"Umewahi kumwona mwingine kama mimi?"

"Wengi."

"Unanifariji tu."

"Nimekwambia wengi. Geuka huku."

Akageuka. Halafu akasema, "Mimi nilimwona mmoja. Mchumba wa kaka yangu. Mama alimfedhehesha mbele za watu, dada, mpaka yule msichana akawa hana pa kuuweka uso wake. Na mimi nilicheka. Nilicheka kuliko wote."

Uzi ukasimama.

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Wakimaliza kumtazama yeye, si watanitazama mimi? Niliporudi nyumbani nikatapika."

"Na mama yako? Alimfanyia vile kwa nini?"

"Alisema wakiwa wawili nyumba moja, watu wataanza kuuliza."

Haya, nikaambiwa. Sikukataliwa kwa kuwa nilikuwa tofauti na watu wa nyumba ile. Nilikataliwa kwa kuwa nilifanana nao.

"Msichana huyo aliitwa nani?" nikauliza.

"Sijui... Sabira? Nimesahau."

Amesahau! Mimi nimefunika kioo miezi minne, baba yangu haongei tena mezani, mama yangu kaacha kwenda harusi za watu, na huyu hata jina halikumkaa kichwani! Nikavuta uzi kwa nguvu kuliko ilivyopasa. Akaruka.

"Samahani," nikasema.

"Usijali, dada. Una mkono mzuri." Akafuta machozi. "Hivi hiki kitu kina dawa? Maana kuna siku natamani nisiwepo tu."

Jina la Daktari Tahmina lilinijia mdomoni. Maneno yale niliyajua, yalikuwa yangu. Nikalimeza jina.

"Sijui," nikamwambia. "Mimi ni fundi wa uzi tu."

Ndiyo. Nilisema hivyo. Mnitukane mkipenda.

Lakini hilo ni dogo. Sasa sikilizeni kubwa. Kila fundi wa uzi mjini kwetu anajua kwamba ngozi iliyotoka kwenye uzi haipakwi singo siku hiyohiyo. Manjano na haradali vikiingia kwenye vile vitundu, uso unawaka moto, unatoka vipele, unavimba. Fundi mwema humwambia mama wa bi harusi, "Leo wampake mikono na miguu, uso mwachie kesho kutwa." Basi, ndiyo maneno yenyewe, hayafiki hata mstari. Bi Farkhanda hakuyajua kwa sababu miaka sita alikuwa akimnyoa binti yake kwa wembe, kwa siri, na hakuwahi kumwingiza fundi chumbani mle mpaka leo, mkono wa mavyaa ulipotaka uso usio na miiba ya wembe.

Nilimaliza kidevu. Nilimaliza shingo. Kazi ile sijapata kuifanya vizuri vile, haukubaki hata unywele mmoja. Nikakunja uzi wangu na sikusema kitu.

Bi Farkhanda akaingia, akapitisha vidole kwenye kidevu cha mwanawe. Machozi yakamlengalenga.

"Mashallah! Mashallah! Binti, Mungu akupe mume mwema."

"Amina," nikasema, na meno nimeyauma.

"Usiende. Kaa ule nasi."

Nayab naye akanishika mkono wa baibui. "Kaa karibu nami, dada. Nikiwa nawe siogopi."

Nikakaa. Ningeondokaje, jambo lenyewe halijaanza?

Saa kumi walifika na ngoma yao na vigelegele. Mbele alikuwa mavyaa mwenyewe, Bi Kausar, mwanamke wa kifua na sauti, bakuli la singo kalishika kama ngao.

"Yuko wapi mkwe wangu? Nimekuja kumla mbichi!"

"Kwanza mtwambie bwana harusi anajua kuosha vyombo?" akadakia jirani mmoja wa upande wa bi harusi.

"Vyombo? Mwanangu kwa kumngoja huyu amekonda mpaka suruali inamvuka! Ataosha hata paa!"

Chumba kizima kikacheka. Nayab naye akacheka, uso wake mtupu, msafi, na nakiri alipendeza. Bi Kausar akachovya mkono wote, akampaka shavu hili, akampaka shavu lile, akashuka kidevuni.

"Ngozi hii! Farkhanda, ulikuwa unamlisha nini mtoto?"

"Maziwa tu, dada yangu," alisema Bi Farkhanda, na kichwa kikapanda juu. "Kwetu mabinti wote wako hivi."

Aliposema hivyo, huruma yote iliyokuwa imenibakia ilikwisha. Kulikuwa na nafasi bado ya kusema, singo haijakauka, maji yapo. Nikaitazama nafasi ile ikipita.

Akaja wifi, akapaka. Akaja shangazi wa bwana, akapaka. Nayab akaanza kujipapasa.

"Mama, inawasha."

"Tulia. Kila bi harusi huwashwa."

"Atakunwa na bwana!" mtu akapiga kelele, wakaangua kicheko.

"Mama, inaungua! Mama!"

Akaushika uso kwa mikono miwili, akaikwangua singo kwa kucha. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu kutoka sikio hadi sikio, vipele vimesimama vinene, jicho la kushoto limeanza kufumba. Ngoma ikakatika.

"Ebo!" akasema Bi Kausar, bakuli mkononi. "Nini hiki?"

Bi Farkhanda alikuwa akigeuka huku na huku, maji, jamani maji. Ndipo nikasimama.

Kumwona akihangaika hakukunitosha. Nilitaka ajue nani amemhangaisha. Nikavua nikabu yangu mbele yao wote. Kidevu changu sikuwa nimekigusa siku tatu, na kabla ya kuja nilikiacha vilevile kwa makusudi.

Wanawake waliokuwa karibu walirudi nyuma. Mmoja akaziba mdomo. Bi Farkhanda akanitazama kidevu kwanza, halafu macho.

"Wewe!"

"Mimi. Yule kaka mtu."

Nilidhani ataanguka. Siku zote nilipolala nikiiwaza saa ile, nilimwona akianguka. Wapi! Mwanamke aliyeficha jambo miaka sita si wa kuanguka hovyo.

"Mchawi huyu!" akapiga yowe. "Huyu tulimkataa, amekuja kulipiza kisasi! Amemtia mwanangu sumu usoni! Mshikeni! Piga simu polisi wewe, unashangaa nini?"

Wakanivamia. Mmoja alinikamata nywele, mwingine mikono, wa tatu akanipiga kofi. Nilikuwa nimekaa miezi nikichimba shimo la mwenzangu, nikasahau kwamba na mimi nimesimama ukingoni.

Maana fikirini. Ningejiteteaje? Nikisema sikumtia sumu, wataniuliza, basi ulikuja kumfanyia nini? Jibu ni moja tu, na jibu hilo ndilo litakaloivunja ndoa ya Nayab papo hapo. Nikinyamaza, mimi ni mtia sumu, na polisi wanakuja. Na zaidi ya yote, je, sina hatia? Ninyi mnaosoma mnajua kwamba ninayo.

"Mwacheni!"

Ilikuwa sauti ya Bi Kausar. Wakaniachia. Akaenda mlangoni, akaufunga, akauegemea kwa mgongo, mikono yake bado ya manjano mpaka vifundoni.

"Polisi hawaji hapa mpaka mimi nijue. Ni singo yangu, nimeikoroga mwenyewe, na mkwe wangu ameungua nayo. Kesho watasema Kausar ndiye aliyemuunguza." Akanitazama kidevu bila kukwepesha macho, kisha akanitazama usoni. "Binti, unaitwa nani?"

"Sabiha."

"Nani alikuita nyumba hii, Sabiha, na aliyekuita alikuitia nini?"

"Usimsikilize, dada yangu, huyu ni mwongo wa..."

"Wewe sijakuuliza, Farkhanda. Mficha uchi hazai. Namuuliza yeye."

Nayab aliposikia jina langu aliinua kichwa. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, la pili liliniangalia, na nikaona linanitambua. Hakulia tena. Alitikisa kichwa polepole, mara moja, mara mbili. Dada, usiseme.

Haki ya Mungu, nilikuwa nakaribia kumhurumia. Nilikumbuka alivyotamani asiwepo, na nikakumbuka asubuhi zangu mwenyewe za namna hiyo. Polisi si kitu, nikajiambia. Nitasema nilichanganya mafuta mabaya, nifungwe, yaishe.

Kisha nikamtazama mama yake. Alikuwa amesimama nyuma ya mabega ya watu, mikono ameikutanisha kifuani, macho yake kwangu, na midomo yake ilikuwa ikinirudia neno moja bila sauti. Mwanangu. Mwanangu. Mwanangu.

Angeniita shetani, huenda ningenyamaza. Angenitemea mate ningeyafuta na kunyamaza. Lakini mwanangu! Leo, kwa kuwa shingo yake iko mkononi mwangu, leo ndiyo nimekuwa mwanawe?

Nikamgeukia Bi Kausar.

"Mimi ni fundi wa uzi, mama," nikasema. "Kazi yangu ni kutoa ndevu za wanawake."